Kijana na Parseli ya Kwanza

Tunaofundisha maandalizi ya ndoa hapa Bukavu tunasikia neno moja kila mwaka: "Mwalimu, tungoje kwanza parseli." Hatuwacheki wanaolisema. Wengi hupata mapato yao kwa faranga, nayo bei ya ardhi hutajwa kwa dola. Mkopo wa benki wa kujengea nyumba, unaolipwa kwa miaka ishirini, wengi wetu tumeusoma vitabuni tu. Kwa hiyo kijana huingia likirimba, hujinyima nguo na safari, na huwaacha wazee wa mchumba wakiulizana.

Bagira, yenye nyumba zinazofanana kama ndugu, ilijengwa na Ofisi ya Miji ya Waafrika, iliyoundwa mwaka 1952. Utawala ule hatuusifu, maana ulimpangia Mwafrika hata mahali pa kulala. Hata hivyo, ulipima barabara kabla ya kuweka matofali, jambo ambalo sisi wenyewe tumelisahau.

Leo asiye na fedha hupanda kilima au hushuka bondeni. Parseli rahisi mara nyingi ni ile ambayo maji ya mvua yameidai kabla yetu. Wengine hutoka mjini na kuelekea Kabare, na hapo ndipo tunapoomba mtulize miguu. Kwa desturi ya Bushi, kalinzi ilimpa mtu haki ya kudumu juu ya shamba, haki ambayo watoto wake waliirithi; zamani ilitolewa kwa ng'ombe. Bwasa ilikuwa ruhusa ya muda tu: ulipanda maharagwe, hukupanda migomba. Anayekuuzia leo, je, alikuwa na kalinzi au bwasa? Swali hilo halina aibu. Muulize mzee wa kijiji, ukawaulize na majirani wa pande zote nne.

Tena kuna sheria ya ardhi ya mwaka 1973. Kwa sheria hiyo udongo ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuutumia, na haki hiyo huthibitishwa kwa sertifika ya uandikishaji. Barua yenye saini za mashahidi watatu ni njia ya kuelekea huko, bado si sertifika. Tunawajua mume na mke waliolipa akiba ya miaka sita kwa barua ya namna hiyo. Walikwisha kuinua kuta hadi madirishani, ndipo akatokea mtu mwingine mwenye sertifika ya mahali pale pale. Muuzaji alikuwa amehama. Watoto wao wamezaliwa katika chumba cha kupanga, na matofali yao yameota majani.

Kwa sababu hiyo hatupendi kusikia kwamba asiye na parseli si mwanamume kamili. Maneno hayo ndiyo yanayomsukuma kijana kulipa haraka. Kupanga nyumba si fedheha, na mpangaji naye ana sheria yake: tangu sheria ya mwishoni mwa 2015, garanti ya nyumba ya kukaa haipaswi kupita kodi ya miezi mitatu. Wenye nyumba wengi hawapendi kukumbushwa hilo. Tuwakumbushe kwa heshima.

Kikundi kimoja cha likirimba tunachokifahamu kimepatana jambo jipya: atakayepokea zamu yake atakwenda kwanza kadasta pamoja na wenzake wawili, kabla ya kuhesabu fedha mbele ya muuzaji. Zamu ya kwanza ni mwezi ujao.