Gari dogo, matope ya Kinangop na mafundi wa Grogan

Ukiuliza njia ya kwenda Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, huenda ukatazamwa kama mgeni. Uliza Grogan, na hata mtoto wa shule atakuelekeza: shuka karibu na mzunguko wa Globe, fuata harufu ya oili na mlio wa nyundo, na ukianza kuitwa na vijana watano kwa pamoja, kila mmoja akitaka kujua gari lako ni la aina gani, basi umefika. Jina hilo la zamani ni la Ewart Grogan, mlowezi aliyepata sifa kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo mwishoni mwa karne ya 19. Kibao cha barabara kilibadilishwa. Midomo ya watu haikubadilika.

Wakazi wa jiji hutaniana kwamba kioo cha gari kikiibwa asubuhi, jioni utakikuta Grogan kinakungojea. Mafundi wengi wa hapa huudhiwa na utani huo, nao wana haki. Katika vichochoro vinavyoteremka kuelekea Mto Nairobi mna watu ambao wamefungua na kufunga giaboksi kwa miaka 30, bila cheti ukutani na mara nyingi bila ukuta wenyewe. Ni mmoja wa watu hao tuliyekwenda kumwona Jumamosi moja, mimi na muuguzi wa zahanati moja ya Kinangop ambaye wagonjwa wake humwita Sista tu.

Sista ana Toyota Corolla ya muundo wa 110, gari dogo ambalo injini yake huzungusha magurudumu ya mbele. Zahanati yake iko mbali na lami, ng'ambo ya mji wa Engineer, na kabla ya kufika kwenye lango lake kuna mteremko wa udongo mweusi ambao mvua ya masika huugeuza kuwa uji. Usiku mmoja wa Aprili alikuwa akimkimbiza hospitalini mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi. Gari lilikwama katikati ya mlima. Gurudumu la kushoto lilizunguka kama pia na kurusha matope hadi kwenye paa, na lile la kulia, lililokuwa juu ya nyasi ngumu, likasimama tuli. Mama yule alimalizia safari juu ya mkokoteni wa punda, chini ya karatasi ya nailoni. Alijifungua salama. Lakini Sista anasema kilichomkera zaidi usiku ule ni lile gurudumu la kulia lililosimama tu kama mtazamaji.

Kwa nini gurudumu lenye pa kushika lisimame, na lile lisilo na pa kushika lipewe nguvu zote? Hapa ndipo inapoingia difu. Wengi wetu tunaijua difu kama lile tumbo la chuma chini ya lori, kati ya magurudumu ya nyuma. Gari la kuvutwa kwa mbele nalo lina difu, ila imefichwa ndani ya giaboksi. Kazi yake ni kuyaruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona. Chukua gari ambalo magurudumu yake ya mbele yameachana kwa mita 1.5: likizunguka duara moja kamili, gurudumu la nje hutembea zaidi ya mita 9 kuliko la ndani. Bila difu, moja lingelazimika kuburutwa, na matairi yangeisha upesi.

Ubaya wake ni kwamba difu ya kawaida hugawa nguvu sawasawa. Gurudumu lililo kwenye nyasi halipati nguvu zaidi ya zile ambazo mwenzake wa matopeni anaweza kuzihimili, na yule wa matopeni anahimili karibu na sufuri. Ukikanyaga mafuta zaidi, unaongeza kelele na matope tu.

Dawa yake ni difu ambayo mafundi huiita LSD, yaani ile isiyoruhusu gurudumu moja kuteleza ovyo na kumwacha mwenzake. Si kitu kipya. Katika miaka ya 1930 Ferdinand Porsche, akihangaika na magari ya mashindano ya Auto Union yaliyokuwa yakizungusha gurudumu moja bure, aliitaka kampuni ya ZF ya Ujerumani imtengenezee difu ya namna hiyo. Baadaye magari ya kuvutwa kwa mbele nayo yakawekewa kiwandani: Honda Integra Type R ya mwaka wa 1995 ilikuwa nayo, na Ford Focus RS ya 2002 ilitumia ile ya kampuni ya Quaife ya Uingereza. Hayo ni magari ya wapenda mwendo. Sista hana haja ya mwendo. Ana haja ya kufika.

Wala isidhaniwe kwamba gari la kuvutwa kwa mbele ni mnyonge matopeni. Uzito wa injini hukaa juu ya magurudumu yanayofanya kazi, na hilo husaidia. Mwaka wa 1956 Eric Cecil alishinda mbio za Safari akiendesha DKW, gari dogo la Kijerumani la kuvutwa kwa mbele. Mwaka wa 1964 Erik Carlsson wa Uswidi alimaliza wa pili kwa Saab 96, nayo ni ya aina hiyo hiyo. Inasimuliwa kwamba katika mbio hizo Carlsson alikwama topeni, na yeye na mwenzake wakalipindua gari likabingirika hadi mahali pagumu, wakaendelea na safari. Waandishi wa habari walipotilia shaka, akalibingirisha tena mbele ya macho yao. Sista aliposikia kisa hicho alicheka, akauliza iwapo Carlsson alikuwa amebeba mama mjamzito.

Fundi wetu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, hakuanza na difu. Alianza kwa kuinama na kupitisha kidole kwenye matairi.

"Sista, haya yana kipara," alisema. "Difu haiwezi kuyaotesha nywele."

"Nitanunua mengine, Mzee. Wewe niwekee difu kwanza."

"Matairi kwanza, mama. Hii difu haileti mshiko. Inagawanya ule uliopo."

Sista aliinunua ile sentensi pamoja na matairi mawili yenye meno marefu.

Difu yenyewe hakuinunua. Ilitoka kwa mdogo wake, ambaye aliwahi kushindana na Corolla katika autokrosi hadi gari likapinduka na kuharibika mwili. Ingelikuwa ni kuiagiza mpya ng'ambo, Sista angelipa bei inayokaribia ya ng'ombe wa gredi, na Kinangop mtu hulinganisha kila kitu na ng'ombe. Hata hivyo, kijana mmoja wa duka jirani alijaribu kumuuzia nyingine, yenye gia za mshazari ndani, akisema ni ya kisasa na haina kelele. Mzee alimwacha amalize, kisha akatueleza tofauti huku akichora kwa msumari vumbini.

Ile ya gia za mshazari huongeza nguvu za gurudumu lenye mshiko mara 2 au 3 ya zile za gurudumu linaloteleza. Kwenye lami yenye unyevu ni nzuri mno, haisumbui usukani, na hutumia oili ya kawaida. Lakini sufuri mara 3 ni sufuri: gurudumu moja likining'inia hewani juu ya shimo, difu hiyo hukosa la kufanya, hadi dereva akanyage breki kidogo ili kuidanganya. Tena ni breki ya mguu. Wale wazee wa pikapu wanaovuta breki ya mkono wakikwama hufaulu kwa sababu pikapu zao husukumwa kwa nyuma. Kwenye gari la Sista breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma, ambayo hayana kosa lolote.

Ile ya mdogo wake ni ya sahani. Ndani mna sahani nyembamba za chuma zilizopangwa kama chapati, moja imeshikamana na ganda la difu, inayofuata na upande wa gurudumu, na springi huzibana. Ukikanyaga mafuta, zinabanwa zaidi. Hata gurudumu moja likiwa hewani, mbano huo wa springi hubaki na kumpa mwenzake kitu. Gharama yake ni usukani mzito, mgongano wa chuma unapokata kona kali, oili maalumu, na sahani zinazolika.

Kwa mlima wa matope, Mzee alichagua sahani. Nami, baada ya kuona niliyoyaona, nadhani alichagua vizuri, ijapokuwa nisingemshauri mtu wa Buruburu anayekwenda kazini na kurudi ajisumbue nayo.

Kazi ilichukua siku mbili. Walimwaga oili ya giaboksi, wakafungua magurudumu na viungo vya chini, wakachomoa shafti mbili za mbele. Injini ikaning'inizwa kwa mnyororo kwenye bomba la chuma, giaboksi ikashushwa kwa jeki na mikono minne. Klachi ilikuwa imebakiza nusu ya uhai wake, lakini ikabadilishwa palepale. Mzee alisema mtu hawezi kushusha giaboksi leo na kuishusha tena baada ya miezi sita ati kwa kuokoa klachi kuukuu.

Giaboksi ilipopasuliwa, difu ya zamani ikatolewa pamoja na ile gia kubwa inayoizunguka, wanayoiita krauni. Krauni hiyo ndiyo inayohamishiwa kwenye difu mpya, na hapa ndipo Mzee alipomfukuza kila mtu karibu na meza. Alipangusa nyuso zote kwa petroli, akaipasha krauni moto kidogo ili ikae bila kugongwa, akapaka gundi ya nyuzi kwenye bolti mpya na kuzikaza kwa mkato wa msalaba, kwa spana ya kipimo. Nilishangaa kuiona spana hiyo Grogan. Alikuwa ameifunga kwenye fulana safi, ndani ya kisanduku chenye kufuli.

Kabla ya hapo alikuwa ameifungua difu yenyewe na kuzipanga upya zile sahani ili nyuso zinazosuguana ziwe chache. Kijana wa mashindano huitaka difu kali. Muuguzi anayeendesha usiku akiwa peke yake anaihitaji laini. Kisha beringi mpya, na vile vipande vyembamba vya kupimia nafasi, akivijaribu kimoja baada ya kingine na kuizungusha difu kwa vidole hadi akaridhika. Sili mpya za oili pande zote mbili. Oili ya difu ya sahani, karibu lita 2.

Jumapili mchana gari lilipelekwa kwenye uwanja wa wazi, likazungushwa polepole kwa umbo la namba 8 kwa karibu nusu saa, kushoto na kulia, ili sahani zizoeane. Lilikuwa likigongagonga kama mtu anayetafuna barafu. Oili ikamwagwa ingali na joto, nyeusi kama kahawa, ikatiwa nyingine. Mzee akamkumbusha Sista aiarifu kampuni yake ya bima kwamba gari limebadilishwa, ushauri ambao sikuutarajia kutoka kwa mtu aliyeketi juu ya mtungi wa rangi.

Wiki mbili baadaye mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, Sista akanipigia simu. Tulipanda kutoka Nairobi hadi Flyover, tukaacha barabara kuu ya Nakuru na kuingia Njabini, milima ya Nyandarua ikiwa imejifunika mawingu upande wetu wa kulia. Kinangop ni nchi ya kabichi, viazi na maziwa, na udongo unaoivisha vyote hivyo ndio unaokwamisha magari ya kuvichukua. Kwenye lami usukani ulimvuta Sista mikono kila alipoongeza mafuta juu ya mashimo. Alisema ni kama kumwongoza ndama aliyeona mamaye.

Kwenye ule mlima hakusimama chini kupima. Aliingia kwa gia ya pili, polepole, bila kunguruma. Gurudumu la kushoto lilipozama nilisikia injini ikizidiwa kidogo, kisha la kulia likavuta, na gari likaendelea kupanda kama lisilo na habari. Tulipita mahali palipomkwamisha mwaka ule.

Hatukufika juu, hata hivyo. Karibu na kilele barabara imeinama kuelekea mtaroni, na pale magurudumu yote mawili yaliteleza kwa pamoja, pua ya gari ikaanza kwenda mtaroni yenyewe. Mzee alikuwa ameonya kuhusu jambo hilo hasa: difu ya kawaida huzungusha gurudumu moja na la pili hubaki limeishika ardhi kwa ubavu, hii ikishindwa, hushindwa kwa magurudumu yote mawili. Sista aliinua mguu kwenye mafuta papo hapo. Gari likatulia shubiri chache kutoka ukingoni.

Aliteremka kinyumenyume hadi kwenye kituo cha maziwa, akageuza gari, akapanda mlima wote kwa rivasi. Mtu wa punda alisimama akatutazama. Lakini kuna hesabu yake: mlimani uzito wa gari hulalia upande wa chini, na ukipanda kwa rivasi magurudumu ya mbele ndiyo yaliyo chini, ndiyo yanayobeba na ndiyo yanayofanya kazi. Kwenye ule mwinamo wa mtaroni alipita kwa kasi ya mtu anayetembea, shingo imegeuka, mkono mmoja juu ya kiti changu.

Langoni mwa zahanati mlinzi alitufungulia bila kuuliza kwa nini tunaingia mgongo mbele. Sista alizima injini, akaingia ofisini na viatu vyake vya matope, akachukua kalamu. Kwenye kalenda ya ukutani, chini ya kliniki ya chanjo ya Jumanne, aliandika tarehe ya kubadilisha oili ya difu.