Salama, Ila…

Sisi tuliolelewa kwa Kiswahili tuna adabu moja ya salamu ambayo mgeni huchukua muda kuielewa. Mtu akiulizwa habari za nyumbani, hujibu kwanza kwamba ni nzuri, hata kama usiku uliopita alikesha msibani. Baada ya hapo ndipo hushusha pumzi na kusema, "Ila…" Habari yenyewe imo ndani ya hiyo "ila". Mwulizaji analijua hilo, na kwa hiyo hubaki amesimama akiisubiri. Nilifika umri wa miaka 52 kabla sijatambua uzito wa neno hilo dogo, na nililitambua mahali nisipotarajia: msituni katika milima ya Appalachian, jimbo la West Virginia nchini Marekani, saa nane za usiku, nikiwa na namba ya mashindano kiunoni.

Ilikuwa Juni 2017. Wenzangu wa kazini walikuwa wameunda timu ya kushiriki mbio za kupokezana za porini, zile zinazoendelea mchana na usiku bila kukatika. Utaratibu wake ni huu. Timu ina watu 8. Zipo njia tatu zinazoanzia na kuishia kambini: ya kijani, ambayo ni fupi, ya manjano, ambayo ni ya wastani, na nyekundu, iliyo ndefu na yenye miinuko mikali. Kila mtu huzikimbia zote tatu kwa zamu, hivyo timu hutoka mara 24. Hakuna kijiti, anayerudi huvua mkanda wenye namba na kumkabidhi anayefuata. Walio nje ya zamu hupika, huota moto, hulala kidogo kwenye mahema na kuamshana.

Kwa nini nilialikwa mimi? Bila shaka msomaji amekwisha kukisia. Natoka Afrika Mashariki, na kwa wenzangu hilo lilikuwa sawa na cheti cha ukimbiaji. Ningeweza kuwaambia kwamba nilikulia Tanga mjini, usawa wa bahari, na kwamba mbio zangu ndefu zilikuwa za kuwahi basi. Badala yake nilicheka, nikawatajia Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, tena nikamtaja kama mtu anayemtaja binamu yake. Uongo sikusema. Nilinyamaza tu pale ambapo ukweli ulitaka kusemwa.

Njia ya kijani niliimaliza jioni kwa heshima, ingawa nilipoketi sikuweza kuinuka upesi. Zamu yangu ya nyekundu ikaangukia usiku. Nilipokuwa najifunga taa ya kichwani, kijana mmoja wa timu yetu alininyoshea tochi ya akiba. Nikaikataa. "Sisi kwetu tumezoea giza," nikamwambia. Akanitazama kwa heshima kubwa. Ukweli ni kwamba kwetu taa ya umeme ya barazani iliwaka usiku kucha, nami nilikua sijui giza ni nini.

Niliondoka saa saba. Kwa dakika arobaini hivi mambo yalikwenda. Kisha ile taa ikaanza kufifia, maana betri nilikuwa sikuzibadilisha, na mwishowe ikazimika kabisa. Sijapata kuona giza la namna ile. Mahali pale vichaka vya rhododendron vilikuwa vimekutana juu ya njia kama dari, hata nyota hazikuonekana. Chini palikuwa na mizizi na mawe yenye utelezi. Nikaanza kutembea kama kipofu, mikono mbele, nikikumbuka kwamba milima hiyo ina dubu.

Baada ya kitambo nikaona mwanga nyuma yangu. Mkimbiaji wa timu nyingine alipofika aliuliza bila kupunguza mwendo: "Uko salama?" Nikajibu, "Salama!" Nilikuwa bado navuta pumzi ya kutamka yale mengine, naye alikwisha kupinda kona, na mwanga wake pamoja naye. Akaja wa pili. Mambo yakawa yale yale. Wa tatu alipouliza, niliona wazi kwamba huyu pia hatasimama, na bado nikasema salama, safari hii kwa makusudi. Ilikuwa si adabu tena. Ilikuwa kiburi.

Hatua chache baadaye nilijikwaa nikaanguka, goti likapiga jiwe. Nikiwa pale chini nilimkumbuka John Stephen Akhwari, aliyemaliza wa mwisho marathoni ya Olimpiki kule Mexico mwaka 1968 akiwa na bandeji mguuni. Nikaona haya kumkumbuka. Yeye alianguka akishindana. Mimi nilijiangusha mwenyewe kwa kukataa tochi.

Mwanga wa nne ulipokaribia sikungoja salamu. "Taa yangu imezimika na goti limeumia," nilisema kwa sauti. "Naomba nikufuate." Alikuwa mwanamke nisiyemjua, wa timu nisiyoijua. Akasimama. Njia yote iliyobaki alikwenda kwa mwendo wangu wa kuchechemea, akigeuka kila penye jiwe kunimulikia, huku timu yake ikipoteza dakika kwa ajili yangu.

Tulifika kambini saa kumi kasoro. Aliyekuwa akinisubiri kupokea mkanda ni muuguzi wa timu yetu, mama wa miaka zaidi ya 60, ambaye tangu saa nane na nusu alikuwa amesimama pale amejifunika blanketi. Akauliza kama wenziwe, "Uko salama?" Lakini yeye hakuupokea mkanda. Alisimama akinitazama.

"Salama," nikasema, "ila betri zilikwisha. Na mimi si mkimbiaji. Sijapata kuwa."

"Hilo tulilijua tangu njia ya kijani," akasema. "Haya, lete mkanda."

Kulipokucha nililipiwa deni langu na wengine. Tulikuwa tumechelewa mno, hivyo ili tumalize kabla ya mashindano kufungwa ilibidi wa mwisho watoke wawili wawili. Yule kijana wa tochi, aliyekuwa amejipangia kufunga mbio peke yake, alitoka na mimi kwenye njia ya manjano. Kila nilipotembea alitembea. Katikati ya mlima nilimweleza habari za taa yetu ya barazani pale Tanga. Alicheka hata akashika mti.

Nimeifikiri sana tabia yangu ya usiku ule. Adabu yetu ya kujibu "nzuri" naipenda, na sitaiacha. Lakini adabu hiyo inahitaji watu wawili: mmoja wa kusema "ila", na mwingine wa kuisubiri. Penye watu wanaopita mbio, hata kama nia yao ni njema, mwenye shida asiposema mapema ataachwa gizani, wala hatakuwa na wa kumlaumu. Tangu siku hiyo, nikiwa ugenini, nimejizoeza kuanza na "ila". Salamu huja baadaye.