Salamu Zisizo na Homa

Mwanangu alikuwa wa miezi 6 alipoanza kuinama. Akiamka tu, kichwa kinashuka ghafla, mikono inafunguka, kisha anatulia. Kidogo tena. Na tena. Asubuhi moja nilihesabu mara 23. Mwili baridi, hana homa hata chembe. Nikampigia mamangu nyumbani Garsen, pwani ya Kenya, nikamwonyesha kwenye simu. Alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, huyo ana nyuni. Mfunike leso, wala usimtazame." Nyuni kwetu ni maradhi ya watoto yanayosemekana kuletwa na ndege.

Nesi niliyempigia hapa Leicester, Uingereza, hakuuliza habari ya joto. Aliuliza kama nimemrekodi mtoto. Video ya dakika moja na nusu ndiyo iliyotuingiza hospitali siku hiyo hiyo.

Kabla ya kipimo cha umeme wa ubongo tuliambiwa tusimpake mafuta kichwani, na tumcheleweshe kulala ili asinzie mezani. Mimi nimelelewa nikijua kichwa cha mtoto kikavu ni kichwa cha mtoto asiye na mtu. Mama wa vipimo alimpima kwa utepe, akamtia alama kwa penseli nyekundu, akabandika nyaya zaidi ya 20 kwa dawa nzito kama uji wa mtama. Nilipomtumia mamangu picha alilia: "Mnampiga shoti?" La, mama. Mashine haitii umeme, inasoma ule alio nao mwenyewe. Kisha wakazima taa, wakammulika ngozi kwa mwanga wa zambarau wakitafuta mabaka meupe, kwa kuwa upo ugonjwa wa vivimbe vya ubongo unaojionyesha hivyo. Hayakuwepo.

Ugonjwa unaitwa West. William James West, daktari Mwingereza, aliueleza mwaka 1841 katika jarida la Lancet, na mtoto aliyeandika habari zake alikuwa mwanawe mwenyewe. Daktari mmoja mkubwa aliyemwendea aliuita degedege la salaam, kwa vile mtoto huinama kama anayeamkia watu. Nililisoma neno hilo usiku, mtoto akiwa kifuani, nikaona kumbe baba yule naye alikaa akihesabu.

Alianzishiwa prednisolone kesho yake. Haraka ilikuwa na sababu: ubongo unaovurugika hivyo haujifunzi, na mtoto aliyeanza kukaa anaweza kusahau kukaa. Siku ya 9 aliamka asiiname.

Sasa nyumbani. Kwetu degedege ni homa, na homa ni malaria, na mara nyingi ni kweli. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wako Kilifi tangu 1989, na mengi ambayo dunia inayajua kuhusu malaria inayopanda kichwani na kifafa kinachobaki baadaye yametokana na watoto wa pwani yetu. Lakini mtoto anayeinama bila homa hana jina. Wa binamu yangu alipewa dawa ya malaria mara tatu, akafukizwa, akaombewa. Hospitali ya Ngao ni karibu, ila kipimo cha umeme wa ubongo ni safari: Malindi ni zaidi ya kilomita 100, Kilifi iko mbele zaidi, na mwisho wa 2023 mafuriko ya mto Tana yalikata barabara. Alipofika kwenye mashine alikuwa ametimiza mwaka na ameacha kucheka.

Huwa nasikia watu wakisema kina mama wa kwetu hawajui. Sikubali. Binamu yangu aliona kila kitu. Uani kwao kuna macho manane yanayomlea mtoto mchana kutwa, na mimi hapa nilikesha peke yangu, sina hata wa kunishikia mtoto nioge. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba walichokiona ndicho kipimo cha kwanza, wakishike wasikifunike.

Nilimweleza mamangu haya kwa wiki nyingi. Mtoto akishikwa na degedege, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Akiinama kwa mfululizo baada ya kuamka, mrekodi, andika saa.

Mwezi uliopita ilinifikia video kutoka Garsen. Mtoto wa jirani yuko mkekani, kuku anapita nyuma. Anainama. Sauti ya mamangu inatetemeka lakini haikatiki: sita, saba, nane. Chini ameandika, "Saa moja kasorobo asubuhi. Hana joto. Mamake amepanda basi la Malindi, video anayo."