Jina Nililoliacha Nje ya Daftari

Mimi ni karani wa parokia, mkazi wa Chiungutwa, wilaya ya Masasi. Nilisomea ualimu, lakini kazi yangu sasa ni kuandika madaftari ya ubatizo na ndoa. Leo nawasimulieni kosa langu mwenyewe, huenda likamfaa mzazi mwenzangu.

Binti yetu wa kwanza alizaliwa kwa shida, akakawia kulia. Alipotimiza mwaka hakuweza kukaa. Shingo ililegea na mikono ilikakamaa. Wengine walisema ni mizimu, wengine wakamlaumu mke wangu. Mjomba wa mtoto, ambaye kwetu neno lake ni zito, alitaka aende kwa mganga. Sisi tukampeleka Hospitali ya Ndanda, katika misheni iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1906.

Huko tuliambiwa ni mtindio wa ubongo. Ubongo huumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au utotoni, pengine kwa kukosa hewa. Si laana, wala hauambukizi. Hauponi, lakini mazoezi ya kila siku humsaidia mtoto. Tukafundishwa kumnyoosha viungo, na kumlisha akiwa ameketi wima asije akapaliwa.

Hayo tuliyafanya. Lakini nilimficha. Wageni walipobisha hodi, nilimwingiza chumbani. Ulipofika mwaka wa wenzake kuanza mafundisho ya Komunyo ya kwanza, niliandika majina ya watoto wote wa kijiji kwa mkono wangu huu. La binti yangu sikuliandika. Nilijiambia, asiyesema atajibuje katekisimu?

Jioni moja tulikuwa barazani tukichambua korosho. Mke wangu akamwuliza mtoto, "Hostia takatifu ni mkate tu?" Mtoto akafumba macho: ndiyo hapana yake. "Ni Yesu?" Akainua macho juu, akacheka. Mama yake akanigeukia: "Baba, kila jioni nikimfundisha mdogo wake, huyu husikiliza. Wewe ndiwe usiyesikia."

Sikulala. Nilikumbuka wanafunzi walivyomwuliza Bwana wetu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, naye akawajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Asubuhi nilikwenda kwa Padre. Alimwuliza mtoto, mtoto akamjibu kwa macho. Nikaandika jina.

Siku ya Komunyo nilimbeba mwenyewe mbele ya watu wote. Baada ya Misa mama mmoja akaninong'oneza, "Karani, na mimi ninaye wa namna hiyo nyumbani." Tangu siku hiyo, kila mzazi ajaye kuandikisha mtoto namwuliza, "Na nyumbani amebaki nani?" Mungu amenipa kazi kwa mkono wa binti yangu.

Ndugu msomaji, mtoto akifika miezi 9 hajakaa, mpeleke kliniki. Akifikia umri wa shule, sheria ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma. Na kama amefichwa chumbani, mtoe leo. Yeye ni mwana wa Mungu kama wewe.