Safari ya Shishiyu: Ni Nani Atulindaye?

Mwezi huu nataka kuwaeleza habari za nchi ya Shishiyu, niliyoipita kwa miguu nikienda kuwatazama Wakristo wakaao huko, na habari za neno moja nililolifikiri sana njiani, yaani ulinzi wa Mungu.

Shishiyu ni kata ya wilaya ya Maswa, katika mkoa wa Simiyu. Mkoa huu ulifanywa mwaka 2012, na makao yake makuu ni Bariadi. Kabla ya hapo Maswa na Bariadi zilikuwa katika mkoa wa Shinyanga. Wenyeji walio wengi ni Wasukuma, watu wa jembe na ng'ombe. Hulima mahindi, mtama, pamba na viazi vitamu. Na viazi hivyo hukatwa vipande na kuanikwa juani viwe michembe, chakula cha wakati wa kiangazi.

Nchi yenyewe ni wazi. Juu ya vilima pana mawe makubwa. Chini yake ni udongo wa mchanga, uitwao luseni. Na mabondeni ni mbuga, udongo mweusi upasukao nyufa wakati wa jua na kunasa miguu wakati wa mvua. Mito mingi ya nchi hii huwa mchanga mtupu kwa miezi mingi, hata wanawake huufukua mchanga ili wapate maji. Lakini mvua ikinyesha mbali, maji huja kwa ghafula, na mahali mtu alipovuka asubuhi kwa miguu mikavu, jioni hapapitiki. Mwenyeji akiyaona maji hayo huketi ukingoni akangoja. Basi, nasi tujue ya kuwa kumtumaini Mungu si kujitupa mtoni na kusema, "Atanishika." Mara nyingi uongozi wake ni kungoja, na mjumbe wake ni yule mwenyeji aujuaye mto.

Tena Wasukuma wana desturi ya ngitili. Wakati wa mvua, majani yangali mengi, huyatenga malisho ya mahali fulani wasiyaguse, ili ndama na ng'ombe wanyonge wapate kula kiangazi kikiwa kikali. Serikali nayo ilipoanza kazi ya kuhifadhi ardhi ya Shinyanga mwaka 1986, kazi iliyoitwa HASHI, iliifufua desturi hiyo, na miti ikarudi mahali pengi palipokuwa patupu. Mwenye ngitili hawezi kuileta mvua, lakini huitunza ile aliyopewa. Imani na bidii ni ndugu wa tumbo moja.

Lakini liko neno zito zaidi. Jioni moja nilimwamkia mjane mmoja, mzee sana, nikasema, "Mwadila, mayu." Akaitika, akanikaribisha ndani ya ua wake wa minyaa. Nikamwuliza kama haogopi kulala peke yake, maana fisi hulia usiku. Akasema, "Mwanangu, fisi namjua. Namwogopa jirani arudiye kutoka kwa mpiga ramli."

Wasomaji wa Usukuma mmekwisha kuelewa. Tangu miaka ya 1970 wazee wengi katika nchi yetu, na hasa wanawake, wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Mtoto hufa, au ng'ombe hufa, au mvua hukosa. Mwenye msiba huenda kuuliza ni nani aliyemroga. Naye mpiga ramli humwonyesha bibi mwenye macho mekundu. Macho yale yamekuwa mekundu kwa sababu gani? Kwa moshi! Miti ilipopungua, akina mama walipikia mavi makavu ya ng'ombe, wakainamia moshi ule miaka hamsini wakitulisha sisi. Hivi kazi ya upendo ikageuzwa kuwa ushahidi wa kifo. Na ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa uongo wa namna iyo hiyo, hata Januari 2015 Serikali ikawapiga marufuku wapiga ramli.

Angalieni, basi, jinsi kukosa imani kusivyo hasara ya mtu mmoja tu. Yeye atafutaye ulinzi kwa ramli hununua usalama wake kwa damu ya jirani. Lakini yeye aliyejiweka mkononi mwa Mungu hana haja ya kumtafuta wa kumlaumu. Mtoto akiugua, atamwomba Mungu na kumpeleka zahanati upesi. Na mtoto akifa, atalia kama baba alavyo uchungu, lakini hatashika panga.

Mtu aweza kuuliza, "Je, Mungu huwalinda watu wake wasife?" Tuikumbuke historia. Wamisionari wa kwanza wa CMS walifika kwenye ziwa letu kubwa mwaka 1877, na Desemba mwaka uo huo wawili wao, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe. Kama ulinzi wa Mungu ungekuwa kutokufa tu, kazi ingalikoma hapo. Lakini mwaka 1888 CMS walianza kituo Nassa, ambayo leo imo katika mkoa huu wetu wa Simiyu. Na mwaka 1909 kituo hicho kikapokewa na Africa Inland Mission. Watumishi walikufa, lakini neno halikufa. Hatukuahidiwa kwamba bonde la mauti halitakuwapo; Zaburi ya 23 yatufundisha kwamba tutakapolipita hatutakuwa peke yetu.

Yule mayu halali peke yake sasa. Wakristo wa jirani wamekubaliana kwa zamu. Kila usiku binti wawili huja kulala kwake, nao huteka maji asubuhi. Hawana silaha. Wameomba Mungu amlinde, kisha wakaenda wao wenyewe.

Ndugu msomaji, je, karibu na nyumba yako hakuna mzee akaaye peke yake? Ukiomba leo usiku kwamba Mungu amlinde, usishangae akikutuma wewe. Bwana awabariki na kuwalinda nyote.