Mjakazi Aliyepotea Kamusini

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Hawakusema lolote, hata hivyo, juu ya haba iliyomwagikia njiani. Yeyote aliyewahi kukabidhiwa kipande cha kazi kubwa anajua kwamba kugawa si tatizo. Tatizo ni kukusanya. Ushahidi mmojawapo ni kamusi kuu ya Kiingereza ambayo James Murray alianza kuihariri mwaka wa 1879.

Kabla yake, Frederick Furnivall alikuwa ameigawa kazi hiyo kwa herufi. Kila msaidizi wa kujitolea alichukua herufi yake akaenda nayo kwake. Mgao ulikuwa mzuri, ila kuni hizo hazikuwa na kamba ya kuzifunga. Murray alipoanza kuzidai, herufi H ilipatikana Florence, Italia. Vijikaratasi vya maneno yaanzayo kwa Pa viligunduliwa katika banda la farasi huko Ireland, vingi vikiwa vimekwisha kuwashia moto.

Murray hakuacha kugawa. Aligawa zaidi, lakini kwa masharti. Kila msomaji alitakiwa kuandika neno moja tu katika kijikaratasi kimoja: neno lenyewe juu kushoto, kisha tarehe, mwandishi, kitabu, ukurasa na sentensi lilimotumika. Vijikaratasi hivyo vikapangwa katika vishubaka 1,029 ndani ya banda la mabati lililojengwa uani kwake. Kwa kuwa vyote vilifuata utaratibu mmoja, kazi ya msomaji wa mji huu iliungana na ya msomaji wa ng'ambo ingawa wawili hao hawakujuana kamwe. Kamusi nayo ilitolewa kwa mafungu. La kwanza, A hadi Ant, lilitoka mwaka wa 1884. Baadaye wakaongezwa wahariri wengine watatu, kila mmoja na sehemu yake. Miaka 10 iliyokadiriwa ikawa 49, jambo ambalo huenda likawafariji wanafunzi wa uzamili.

Pamoja na uangalifu wote huo, neno moja lilidondoka. Vijikaratasi vya "bondmaid", yaani mjakazi, vilipotea, na hakuna aliyetambua hadi sehemu ya herufi B ilipokuwa imekwisha kuchapwa. Katika maneno zaidi ya laki nne, aliyesahauliwa mlangoni akawa mtumwa wa kike. Aliingizwa katika nyongeza ya mwaka wa 1933, miaka 18 baada ya Murray kufariki.