Neno Hutafutwa Wapi Kwanza?

Washairi wenzangu, katika Kiswahili cha kamusi kugura ni kuhama. Vuka mpaka kutoka Ngara uingie Burundi: kwa Kirundi, kugura ni kununua. Kihangaza cha Ngara ni jirani wa karibu wa Kirundi; hivyo mwanafunzi wetu akisoma "baba amegura" aweza kudhani mzee katoka sokoni, ilhali mshairi analia kwamba ameihama nyumba.

Jambo hili limo pia katika kompyuta. Kijana niliyemfundisha zamani hutunza hifadhidata ya ushirika mmoja wa wakulima kwa programu ya PostgreSQL. Majedwali ya Ngara yamo katika skima moja, ya Biharamulo katika nyingine, na kila skima ina jedwali liitwalo malipo. Akaandika fankisheni, yaani maagizo yaliyopewa jina, ya kujumlisha fedha za mkulima kwa namba yake ya uanachama. Ndani yake aliandika malipo tu, bila kutaja skima.

PostgreSQL hulitafuta jina la namna hiyo kwa kufuata orodha ya skima iitwayo search_path, na hulichukua jedwali la kwanza inalolikuta. Kwa kawaida orodha hiyo ni ya anayeiita fankisheni, si ya aliyeiandika. Karani ambaye orodha yake ilianza na Biharamulo aliuliza habari za mkulima wa Ngara, akapewa jumla ya mtu mwingine mwenye namba ileile. Hakuna onyo lililotokea; hesabu ilijumlika vizuri kabisa.

Hatari huzidi fankisheni inapotenda kwa mamlaka ya mmiliki wake. Mwenye ruhusa ya kuunda vitu katika skima inayotangulia aweza kupenyeza kitu bandia chenye jina lilelile, kikatumiwa kwa mamlaka asiyo nayo.

Dawa ni kuifunga orodha ndani ya fankisheni yenyewe: SET search_path = ngara, pg_temp. Skima ya vitu vya muda, pg_temp, huwekwa mwisho, kwani isipotajwa majedwali yake hutafutwa kwanza. Fankisheni ikimaliza, orodha ya mwitaji hurejea. Biharamulo nayo ipewe fankisheni yake.

Nasi tunaotunga tuna wajibu huohuo. Ubeti wenye gura na ubebe ndani yake mizigo iliyofungwa, mlango uliokomewa na njia iendayo mbali. Shairi litasomwa Ngara na Lamu, nasi hatutakuwapo kueleza tulikusudia ipi.